Chumvi Inavyoleta Kitambi kwa Mgonjwa wa Figo

Wagonjwa wengi wa figo Dar es Salaam husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Anayetoka Bunju au Tegeta huongeza juu yake foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Ipo njia nyingine: kusafisha damu kupitia tumbo. Huku kwetu bado ni adimu, ingawa KCMC ya Moshi imeitumia kuokoa watu, wakiwemo watoto, ambao figo zao zilifeli ghafla. Kwingineko watu huifanya nyumbani kwao kwa miaka. Lita mbili za maji ya dawa huingizwa tumboni kwa mrija, hukaa saa kadhaa, kisha hutolewa pamoja na taka za damu. Mara nyingi mizunguko minne kwa siku.

Kinachoyavuta maji ya ziada kutoka kwenye damu ni sukari iliyomo katika dawa hiyo. Mfuko hafifu wa lita mbili una takribani gramu 30 za sukari, pungufu kidogo ya soda moja ya chupa. Wa kati una gramu 50, mkali, 85. Sehemu kubwa ya sukari hiyo hairudi mfukoni: hupenya utando wa tumbo na kuingia mwilini. Hata siku asiyogusa sahani, mgonjwa amelishwa. Ndiyo maana wengi hunenepa, hasa mwaka wa kwanza.

Ini huigeuza sukari iliyozidi kuwa mafuta. Trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, hupanda, na kolesteroli nzuri hushuka. Isitoshe, gramu 5 hadi 15 za protini hutoka kila siku na maji machafu. Ini linapohangaika kuzifidia, hutengeneza pia chembe nyingi zaidi za kubebea mafuta, na kolesteroli mbaya huongezeka.

Kwa hiyo anayeacha samaki, mayai na kuku ili apungue hujikondesha misuli tu. Aanze na chumvi. Ng'onda, achari na viungo vya pakiti huleta kiu. Kiu huleta maji. Maji huvimbisha miguu. Na uvimbe hudai mfuko mkali, wenye sukari karibu mara tatu ya ule hafifu. Chumvi ikipungua, mifuko mikali hupungua. Soda, maandazi na mlima wa ugali vifuate.

Mizani nayo isomwe kwa akili. Pima kila asubuhi baada ya kutoa maji tumboni, kwa mizani ileile. Kilo mbili zilizoingia kwa siku tatu ni maji: piga simu kliniki. Zilizoingia polepole kwa miezi, miguu ikiwa haijavimba na kiuno kinapanuka, huenda ni mafuta. Anayetumia statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, tangu zamani kwa kawaida huendelea nazo. Asiyezitumia asijinunulie duka la dawa, kwani kuzianza ukiwa tayari unasafishwa damu hakujaonyesha faida ya wazi. Daktari ndiye aamue.