Santuri kama Matini: Skerzo ya Hindemith ya Mwaka 1934

Makala hii inahusu dakika chache za muziki wa Kijerumani. Hata hivyo, dakika hizo zinahoji dhana iliyozoeleka miongoni mwetu sisi wanaisimu na wanafasihi: kwamba matini hutangulia na utendaji hufuata.

Paul Hindemith (1895–1963) alikuwa mtunzi na mpiga viola. Katika miaka ya 1920 alipiga ala hiyo katika kundi la Amar, lililorekodi santuri kadhaa. Januari 1934 alikuwa London pamoja na mpiga fidla Szymon Goldberg na mpiga selo Emanuel Feuermann, wakirekodi Trio yake ya Pili ya ala za nyuzi, iliyotungwa mwaka 1933. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri kubwa ulichukua dakika nne hadi tano. Katika mpango wa kurekodi, upande mmoja ulibaki mtupu. Asubuhi ya tarehe 23 Hindemith aliketi akatunga Skerzo ya viola na selo, na siku hiyohiyo yeye na Feuermann wakairekodi.

Urefu wa Skerzo, basi, haukuamuliwa na hoja ya kimuziki peke yake. Uliamuliwa pia na kipenyo cha santuri. Anayeichambua kwa kusoma nota tu ataona ufupi na kasi, asijue vilitoka wapi. Kasi yenyewe yafaa isikike. Hindemith hapambi sauti. Katika sonata yake ya viola pekee, opasi 25 namba 1, aliwahi kumwagiza mpigaji kwamba uzuri wa sauti ni jambo la pembeni.

Rekodi hiyo ina uzito mwingine. Feuermann, aliyekuwa Myahudi, alikwisha kufukuzwa kazi ya ualimu mjini Berlin mwaka 1933. Goldberg, Myahudi pia, aliondoka katika Okestra ya Filamoni ya Berlin mwaka 1934. Kazi za Hindemith zilipigwa marufuku mwaka 1936, naye akahama mwaka 1938. Feuermann alifariki New York mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 39.

Matoleo ya leo huunganisha pande za santuri, na Skerzo husikika kana kwamba ilizaliwa bila mpaka wowote. Athari hiyo inatuhusu pia sisi tunaonukuu mashairi ya taarabu kutoka santuri alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay kuanzia mwaka 1928. Ukumbini wimbo uliweza kurefushwa kadiri hadhira ilivyotaka. Kwenye santuri, upande uliisha. Mhariri anayehesabu beti za rekodi na kuziita chaguo la mshairi hana budi kwanza kueleza upande ule ulibeba dakika ngapi.