Gari Linalogoma Kuwaka Mara Moja Moja: Tuanzie Wapi?



Ndugu wasomaji, kila mwenye gari la zamani anaijua adha hii. Asubuhi linawaka mara moja. Mchana unazungusha ufunguo, unasikia "ka!" basi, kimya. Ukingoja nusu saa linawaka kama halikuwa na lolote. Ukilipeleka kwa fundi, mbele yake halina neno.

Basi letu dogo la madrasa lilitutesa hivyo kwa miezi kadhaa. Tulinunua betri mpya, likapona wiki mbili, likarudia. Tukatengeneza starta, likarudia tena. Siku ya mashindano ya kuhifadhi Qur'ani liligoma njiani, penye tope, mahali ambapo hata kulisukuma kulikuwa shida. Tulipofika, kundi la vijana wetu lilikwisha fungwa. Watoto waliojiandaa mwaka mzima walirudi nyumbani bila kusoma hata aya moja.

Hapo maneno yakaanza. Baadhi yetu katika kamati tulisema dereva anafanya makusudi ili apate cha juu kwa mafundi. Mzee yule alisikia, akanyamaza. Tutarudi kwake baadaye.

Kwanza: sikiliza linagoma vipi

Kugoma kuna namna tatu, na kila namna ina njia yake.

(a) Injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Hapa betri na starta hazina kosa. Tazama mafuta na, kwa gari la petroli, cheche za plagi.

(b) Kimya kabisa, wala hakuna mlio. Washa taa kubwa kisha zungusha ufunguo. Taa zikibaki na mwanga wake, umeme haufiki kwenye starta: tazama swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei na ule waya mwembamba unaoingia kwenye starta. Kwa gari la otomatiki, jaribu pia kuweka gea kwenye N badala ya P.

(c) Linagonga "ka!" mara moja, injini haizunguki. Hapa shaka iko kwenye betri, nyaya nene, au starta yenyewe. Gari likiwa la gea za mkono, ukalisukuma likawaka papo hapo, basi umejua kwamba mafuta na cheche ni vizima.

Letu lilikuwa namna ya tatu.

Pili: andika

Ugonjwa unaokuja na kuondoka haupimwi wakati haupo. Kwa hiyo tulimpa dereva daftari, tukamwomba kila linapogoma aandike saa, kama injini ni ya moto au ya baridi, kama mvua imenyesha, na mlio uliosikika. Baada ya mwezi mmoja daftari lilikuwa na mistari 7. Mistari 6 ilisema jambo moja: injini ya moto, mlio mmoja. Daftari hilo lilimsaidia fundi kuliko maelezo yetu yote.

Tatu: pima likiwa limegoma

Fundi umeme alikuja na mita yake, akatutaka tuliendeshe mpaka ligome, kisha tusiliguse.

Alipima betri kwanza. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma chini ya 12 imekaribia kwisha. Starta inapozunguka, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Yetu, ufunguo ukiwa umeshikwa kwenye kuwasha, ilisoma karibu 12. Betri haikuwa na kosa.

Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma cha injini, tukazungusha tena ufunguo. Hapo panatakiwa pasomeke karibu na sifuri, isizidi nusu volti. Mita ilisoma zaidi ya volti 5! Maana yake, umeme uliotakiwa kuzungusha starta ulikuwa unapotelea njiani, kwenye waya wa ethi unaounganisha betri na injini.

Akachukua waya mnene wa kuazimia moto, akaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini. Gari likawaka papo hapo.

Tulipoufungua waya wa zamani, nje ulikuwa mzima. Ndani, karibu na bolti ya injini, nyuzi za shaba zilikuwa kijani, nyingi zimekatika. Injini ikipata moto, nyuzi chache zilizobaki zilishindwa kupitisha umeme wa kutosha. Ikipoa, zinagusana tena. Na betri mpya "ilitibu" kwa sababu fundi alipoifunga aliuvuta waya ule ukakaa vizuri kwa muda. Bei ya waya mpya haikufika sehemu ya kumi ya bei ya betri.

Tahadhari

Wanafunzi msifanye kazi hii bila mtu mzima. Gari liwe kwenye nyutro na breki ya mkono ivutwe. Usilete moto wala sigara karibu na betri, kwani hutoa gesi inayolipuka. Ukifungua nyaya za betri, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho.

Tulichojifunza

Tulibadilisha vitu kabla ya kupima, tukapoteza fedha za michango ya wazazi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba tulimhukumu mtu kwa dhana, nasi tunawasomesha watoto Suratul Hujurat, inayotuamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Kama tulivyotakiwa kupima waya kabla ya kununua betri, ndivyo tulivyotakiwa kuuliza kabla ya kusema.

Tulimwendea mzee wetu nyumbani kwake, tukamwomba radhi. Alicheka, akasema, "Mimi niliwaambia tangu mwanzo, linagoma likiwa la moto." Kweli alituambia. Hakuna aliyeandika.