Somo la Redio kwa Watu Wazima: Pia Inayozungushwa kwa Maandishi

Ndugu wanafunzi wa Isongole, na ninyi nyote mlio katika madarasa ya watu wazima wilayani Rungwe, sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa awe na chaki, kamba fupi na vijiti viwili. Mwenye karatasi hii mkononi afuate maneno kwa kidole.

Leo tutajifunza jinsi mtu anavyoandika amri, na kitu kikazunguka bila kuguswa. Msiseme, "Haya ni mambo ya vijana." Mwisho wa somo mtaona kwamba yanahusu fedha zenu.

Nyote mnaijua pia. Mtoto huchonga kipande cha mti, akakizungushia uzi, akauvuta kwa nguvu. Pia husimama juu ya ncha yake na kuzunguka. Nguvu ikiisha, huyumba, kisha huanguka.

Sasa fikirini pia nyingine. Hii imo ndani ya kompyuta. Huwezi kuishika, maana ni picha tu kwenye kioo. Haina uzi, haina uzito, wala haichoki. Itazunguka ikiwa imeandikiwa amri ya kuzunguka.

Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, ilifungua kwa watu wote dunia ya picha iitwayo Second Life, maana yake Maisha ya Pili. Mtu huingia humo kwa kompyuta yake, akatembea, akajenga nyumba, akapanda miti. Vyote ni picha. Anayetaka kitu chake kizunguke hukiandikia amri ndani yake. Karatasi hiyo ya amri huitwa skripti. Amri ya kuzungusha hutaka mambo matatu.

Jambo la kwanza ni mhimili. Mhimili ni mstari ambao kitu hukizunguka. Gurudumu la baiskeli lina mhimili uliolala. Pia ina mhimili uliosimama. Kwa hiyo kompyuta huuliza: mstari wako umelala au umesimama? Mwandishi hujibu kwa namba tatu. Ya kwanza na ya pili ni za mistari iliyolala, na ya tatu ni ya mstari uliosimama kutoka chini kwenda juu. Akiandika 0, 0, 1, kitu huzunguka kama pia.

Lakini kitazunguka kuelekea wapi? Inua mkono wako wa kulia. Kunja vidole, dole gumba lielekee juu. Dole gumba ni mhimili. Vidole vinne vinaonyesha upande wa kuzunguka. Ukitazama kutoka juu, ni kinyume cha mishale ya saa. Dunia yetu nayo huzunguka hivyo. Dole gumba likielekea kaskazini, vidole vinakwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ndiyo sababu jua huonekana likitoka mashariki.

Jambo la pili ni mwendo. Hapa ndipo tunapohitaji kamba. Mwalimu, tafadhali toka nje na darasa. Chomeka kijiti kimoja ardhini. Funga kamba kwake, na kwenye ncha ya pili funga kijiti kingine. Vuta kamba ikaze, uchore duara. Sasa chukua kamba hiyo hiyo, uilaze juu ya mstari wa duara, ipinde pamoja nao. Tia alama, uilaze tena. Hesabuni kwa sauti.

(Kituo kidogo. Darasa lipime duara.)

Mmeona? Kamba imeingia mara 6, na pamebaki kipande kidogo. Hesabu yake ni karibu 6.28. Mmoja achore duara dogo kama ungo, mwingine achore kubwa kama nyumba ya msonge. Kila mmoja akipima kwa kamba aliyochorea, jibu ni lile lile. Pande moja la duara, lenye urefu wa kamba, huitwa radiani.

Basi katika Second Life mwendo hupimwa kwa radiani kwa sekunde. Ukiandika 1, pia itamaliza duara kwa sekunde 6 na kidogo. Ukiandika 2, itamaliza kwa sekunde 3 na kidogo. Ukitanguliza alama ya kutoa, yaani -1, itarudi upande wa pili kwa mwendo ule ule.

Jambo la tatu ni nguvu. Nayo ni namba. Ukiandika 0 mahali pake, pia haizunguki hata kama mhimili na mwendo vimeandikwa vizuri.

Watoto wana njia nyepesi zaidi. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, alishirikiana na wenzake kutengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Logo mwaka 1967, ili mtoto aiamuru kompyuta kwa maneno mepesi. Baadaye, mwaka 2007, ilitolewa nyingine iitwayo Scratch. Humo hupimwa kwa nyuzi. Duara zima ni nyuzi 360. Ukiamuru kitu kigeuke nyuzi 15, lazima kigeuke mara 24 ili kimalize duara, kwa kuwa 15 mara 24 ni 360. Tena kumbukeni: dunia hugeuka nyuzi 15 kila saa, na siku ina saa 24.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika Second Life, ukishaiamuru pia izunguke, kisha ukaifuta skripti, pia haisimami. Itaendelea. Amri imekwisha kuingia ndani ya kitu chenyewe. Ukitaka isimame, huna budi kuandika amri ya pili, mwendo 0.

Mnaijua mashine ya kusaga. Anayeiwasha kisha akatoka nje, hakuizima. Mkanda unaendelea kuzunguka, na mwenye kanga inayoning'inia yumo hatarini. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, jifunze kuzima. Anayeandika amri naye afanye vivyo hivyo.

Jambo jingine: mashine hutii ulichoandika, haitii ulichokusudia. Ukikosea ukaandika 10 badala ya 1, haitakuuliza kama umekosea. Itazunguka mara kumi zaidi, basi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye fedha zenu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kompyuta zisiingizwe nchini. Leo zimo mifukoni mwetu, kwa maana simu ni kompyuta ndogo. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo watu wengi wamezoea kutuma fedha kwa simu.

Tuseme mama ameuza viazi mviringo hapo Isongole, anataka kumtumia mwanawe ada ya shule Mbeya. Anachobonyeza ni amri, kama ile ya pia. Ina mambo yake: namba ya mpokeaji, kiasi cha fedha, na namba ya siri. Simu haijui anamkusudia nani. Inajua ameandika namba gani. Tarakimu moja ikikosewa, ada inaweza kwenda kwa mtu asiyemjua.

Asiyejua kusoma humpa mwingine simu yake aandike, na namba ya siri pamoja nayo. Hapo mwenye amri si yeye tena. Anayesoma huandika mwenyewe, husoma namba mara ya pili, husoma kiasi, na simu ikionyesha jina la mpokeaji hulisoma kabla ya kukubali. Kusoma ni kushika uzi wa pia yako mwenyewe.

MANENO MAPYA
Mhimili: mstari ambao kitu hukizunguka.
Radiani: pande la duara lenye urefu sawa na kamba iliyochora duara hilo.
Skripti: amri zilizoandikwa ili kompyuta izifuate.

MASWALI YA KUJADILI
1. Gurudumu la baiskeli na pia vina mihimili gani?
2. Pia ikiwa na mwendo 2, itamaliza duara kwa muda gani?
3. Kwa nini kufuta skripti hakuisimamishi pia?
4. Kabla ya kutuma fedha kwa simu, utasoma mambo gani?

KAZI YA NYUMBANI
Andika amri tatu fupi za kumwelekeza mgeni kutoka barabara kuu mpaka nyumbani kwako. Mpe mwenzako azifuate kama zilivyoandikwa, asiongeze lolote. Akipotea, sahihisha amri.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.