Silabi kwanza, ABC baadaye: Namna ya kumsaidia mtoto kusoma nyumbani

WAZAZI wengi humpima mtoto wa chekechea kwa wimbo wa alfabeti. Mgeni akifika, mtoto huitwa sebuleni: "Hebu mwimbie shangazi ABC." Mtoto huimba kuanzia 'ei' hadi 'zedi' bila kukwama, watu wakapiga makofi na mzazi akaridhika kwamba kusoma kumeanza. Kwa maoni yangu, makofi hayo hupigwa mapema mno.

Kukariri majina ya herufi si kusoma. Kusoma ni kuoanisha alama iliyoandikwa na sauti yake, kuziunganisha sauti hizo ziwe neno, kisha kupata maana. Mtoto aliyezoea kwamba 'e' ni 'ii' na 'i' ni 'ai' akikutana na neno 'meza' huenda akasema 'miza'. Akiona 'imba', husema 'aimba'. Si kwamba ni mzito wa kuelewa. Amepewa ufunguo wa mlango mwingine.

Suala hili si dogo. Tathmini za Uwezo zimeonyesha mara kwa mara kwamba wapo watoto wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wasioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto kama huyo haathiriki katika somo la lugha pekee. Swali la hisabati humshinda kabla hajafikia hesabu yenyewe, na maelezo ya sayansi humpita hivi hivi. Mpango wa Tusome ulioanzishwa mwaka wa 2015 ulilenga kuimarisha usomaji wa Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo. Hata hivyo, mwalimu aliye na darasa lililojaa pomoni hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Mzazi anaweza.

Tena mzazi wa Kenya ana bahati asiyoitambua: Kiswahili husomwa jinsi kilivyoandikwa. Tazama herufi 'a' katika maneno ya Kiingereza 'cat', 'cake' na 'call': herufi moja, sauti tatu. Katika Kiswahili, 'a' ya 'baba' ndiyo 'a' ya 'mkate' na ya 'asali'. Irabu zetu ni tano tu na hazibadiliki. Isitoshe, silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, jambo linalorahisisha kulikata neno vipande na kuliunga tena. Ndiyo maana nashauri mtoto aanze kusoma kwa Kiswahili hata kama shabaha yenu ni Kiingereza. Akishaelewa kwamba alama hubeba sauti, ujuzi huo atauhamishia lugha nyingine.

Basi mzazi aanzie wapi? Aanze na masikio kabla ya macho. Mnapoosha vyombo, mwambie apige kofi kwa kila silabi: ma-ji, sa-ha-ni, ki-ko-mbe. Muulize, "Neno gani jingine linaanza na 'ma'?" Mtegee vitendawili. Mchezo huu hauhitaji kitabu wala senti, nao humzoeza mtoto kusikia kwamba neno lina sehemu.

Kisha mwoneshe irabu, ukizitamka kwa sauti zake za Kiswahili: a, e, i, o, u. Ongeza konsonanti moja kwa wakati: ma, me, mi, mo, mu. Usikimbilie herufi zote. Kwa konsonanti nne tu, yaani m, k, l na t, mtoto anaweza kusoma mama, kaka, kuku, kiti, meli, lala na kata. Anaweza hata kusoma sentensi nzima: Kuku amelala. Mtoto anayesoma sentensi kamili wiki chache baada ya kuanza hupata hamu ambayo wimbo wa alfabeti hauwezi kumpa.

Magumu yaje baadaye: ch, sh, dh, th, gh na ny. Hapo pia mwoneshe tofauti ya 'ng' katika 'ngoma' na 'ng'' katika 'ng'ombe', na jinsi 'm' ya 'mtu' inavyosimama pekee kama silabi (m-tu) ilhali ile ya 'mbuzi' hujiunga na mwenzake (mbu-zi).

"Lakini sina vitabu," utasema. Tazama jikoni. Pakiti ya unga, ya chumvi na ya maziwa zina maandishi. Leso ya mama ina jina lililochapishwa kwa herufi kubwa. Mtoto alisome, kisha mjadili maana yake. Mwenye simu ya intaneti atapata bila malipo hadithi za watoto za African Storybook, za Kiswahili na za lugha nyingi za humu nchini.

Na kama Kiswahili si lugha ya nyumbani kwenu, msimulie mtoto hadithi kwa lugha mnayoiweza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe kufundishia katika madarasa ya mwanzo, kwa kuwa mtoto huelewa haraka anaposikia analolijua. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake: amwambie mtoto asome kwa sauti, kisha amuulize, "Enhe, halafu kuku akaenda wapi? Mbona alikimbia?" Asiyeweza kujibu ametamka tu, hajasoma.

Dakika kumi kila jioni zinatosha. Akikwama, nyamaza kidogo ajaribu, akishindwa, msaidie kwa silabi, si kwa kofi wala "Wewe hushiki kitu!" Kitabu kikishahusishwa na machozi, mtoto atakikwepa hata akiwa mkubwa.

Kipimo cha maendeleo ni kimoja: mpe sentensi ambayo hajawahi kuiona. Akiisoma na kukueleza kwa maneno yake inasema nini, hongera, mwanao anasoma.