Amueni Kabla Maji Hayajafika

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini pale Daraja la Selander. Katikati ya safari hiyo unapita Kigogo na Jangwani, mabondeni, ambako nyumba zimebanana. Mvua kubwa ikinyesha kule Pugu, mkazi wa bondeni anaweza kuwa amelala, paa lake halijapigwa hata na tone la maana, huku maji yakiwa njiani kumfuata. Ndiyo maana mafuriko ya Dar es Salaam huonekana kama yamezuka ghafla usiku wa manane.

Desemba 2011 jiji lilipata mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Maafa yote mawili yalitokea msimu wa vuli, mvua ambazo wengi wetu huzichukulia kuwa ndogo na kuihofia masika peke yake.

Ukizungumzia maandalizi ya maafa, watu wengi huwaza vitu vya kununua. Vitu vina umuhimu wake, nitavifikia. Lakini kwa maoni yangu jambo la kwanza halina gharama: kaya ikubaliane mapema ni wakati gani itaondoka. Maji yanapoanza kuingia ndani, mmoja anataka kupandisha friji juu ya meza, mwingine anasema yatapungua kama mwaka jana, na katika mabishano hayo njia inafungwa.

Basi chagueni alama moja inayoonekana kutoka mlangoni. Inaweza kuwa mtaro wa barabarani ukifurika, au maji yakigusa ngazi ya chini ya nyumba ya jirani. Iwe alama ya mapema, inayowaachia njia ambayo bado ni kavu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo. Chini ya maji hayo kuna mashimo na mitaro isiyo na mifuniko, ambayo huwezi kuiona kwenye maji ya tope.

Na nani ataamua? Mara nyingi baba au mama yuko kazini, simu haipatikani, na nyumbani yuko bibi au dada wa kazi pamoja na watoto. Huyo aliyebaki apewe ruhusa kamili, mbele ya wote, ya kufunga mlango na kuondoka bila kumwomba mtu. Dada wa kazi anayeogopa kugombezwa kwa kuacha televisheni atakaa kuilinda. Mwambieni waziwazi kwamba televisheni si kazi yake siku hiyo. Mgonjwa na mzee asiyetembea vizuri apangiwe mtu wa kumbeba, kwa jina. Ndugu au rafiki anayeishi mwinukoni aambiwe tangu sasa kwamba mnaweza kumgongea usiku; asiyekuwa na ndugu wa karibu amuulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shule au jengo gani litatumika.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Ikitangazwa tahadhari, begi la kuondoka nalo lisogee mlangoni. Ndani yake kuwe na bahasha ya plastiki yenye kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya bima, na hati ya nyumba au mkataba wa upangaji. Wekeni dawa za wiki nzima za mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia ARV. Wekeni tochi, noti ndogondogo kwa sababu wakala wa pesa za simu anaweza kuwa amefunga, na namba muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi. Zimeni swichi kuu ya umeme na kufunga mtungi wa gesi kabla ya kutoka, lakini kama umesimama kwenye maji, usiiguse swichi hiyo.

Baada ya mafuriko, maji ya visima na ya vyoo huwa yamechanganyika, na kipindupindu kinaweza kufuata. Madumu mawili ya lita 20 yaliyojazwa mapema huwatosha watu watano kunywa na kupika kwa siku mbili. Yakiisha, chuja maji kwa kitambaa safi kisha yachemshe mpaka yatokote, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari wakati mnamkimbiza kituo cha afya: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Vuli huanza Oktoba, masika Machi. Kabla ya kila msimu, wakusanye wote wa nyumbani kwako, wapangaji wenzako wakiwemo, mkubaliane alama, njia na pa kufikia. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kila mtoto anayeweza kushika simu aijue kwa moyo.