Kisiwa cha Mfangano na Lugha ya Mama

Leo twapenda tuvuke maji pamoja nanyi mpaka kisiwa cha Mfangano, ng'ambo ya Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay. Kisiwa hiki si kikubwa. Eneo lake ni kama kilomita 65 za mraba, na juu yake umesimama mlima Kwitutu, wenye kimo cha mita 1,694 kutoka usawa wa bahari.

Huko Mawanga na Kwitone kuna michoro ya kale miambani, miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe. Yasemekana ilichorwa na wawindaji wa zamani, ambao huitwa Watwa. Baadaye, yapata karne ya 18, wakaja Wasuba kwa mitumbwi. Wazee husimulia kwamba walitoka pande za Buganda na Busoga, wakikimbia ugomvi wa kifalme. Walikuja na lugha yao, Kisuba, lugha ya Kibantu.

Maisha ya kisiwani hutegemea ziwa. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi hutoka na taa kuvua omena, na kukicha akina mama huianika juani. Wengine huvua mbuta na ngege.

Basi, Wasuba walioana na Wajaluo na kufanya biashara nao. Shuleni na kanisani Kijaluo kilitumika, na Biblia nzima ya Kijaluo ikatolewa mwaka 1953. Hatusemi haya kwa kulaumu, maana kwa Kijaluo wengi walimjua Mwokozi. Lakini leo Wasuba wengi hunena Kijaluo, na Kisuba kimebaki zaidi vinywani mwa wazee. UNESCO inakihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Mbali huko Uskoti kuna visiwa viitwavyo St Kilda. Watu wake waliishi kwa kula ndege wa baharini na kufuga kondoo. Vijana walihama mmoja mmoja kutafuta kazi, hata waliosalia wakashindwa kuendelea, wakaomba wenyewe kuondolewa. Tarehe 29 Agosti 1930, watu 36 wa mwisho walipanda meli. Husimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia imefunguliwa.

Mfangano haujahamwa. Watoto wamejaa shuleni na mashua zimejaa pwani. Hata hivyo, ndugu, kisiwa chaweza kujaa watu, na kitu cha thamani kikaondoka polepole, wala pasiwe na meli ya kukisindikiza. Mzee mmoja akifa, huzikwa pamoja na majina ya samaki, ya miti, na mafumbo ambayo mjukuu hakuyasikia.

Je, jambo hili lamhusu Mungu? Hebu tusome Matendo ya Mitume sura ya pili. Siku ile ya Pentekoste, wengi waliokuwapo walijua Kigiriki, na Roho Mtakatifu angaliweza kutumia lugha hiyo moja. Hakufanya hivyo. Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kwa hiyo twajua kwamba mbele za Mungu hakuna lugha ndogo.

Twamshukuru Mungu kwamba mwaka 2010 Agano Jipya lilitolewa kwa Kisuba. Lakini kitabu hakiwezi kumbembeleza mtoto. Kikikaa kabatini, kitakuwa kama zile Biblia za St Kilda, zilizofunguliwa katika nyumba zisizo na msomaji.

Basi, baba na mama, kama mnaijua lugha ya wazee wenu, iwe Kisuba au nyingine, isemeni mezani. Wazee, ombeni kwa lugha hiyo, wajukuu wasikie. Nanyi vijana, kaeni na nyanya jioni moja, mwandike maneno kumi mnayoyasikia. Nasi wachungaji tuwape wazee nafasi ya kusoma Neno kanisani kwa lugha yao, hata kama ni mistari michache.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa ndimi mbalimbali ili tukusifu, utufundishe kutunza ulichotukabidhi. Uwalinde wavuvi usiku huu ziwani, na uwape watoto wa visiwani masikio ya kuwasikiliza wazee wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.