Benchi ya Base

Base yetu iko kwa kona, huku Eastlando, katikati ya kibanda ya mutura na stage ya nduthi. Benchi yenyewe ni ubao ya mjengo imelazwa juu ya tairi mbili. Imekaliwa hadi imeng'aa. Hapo tunabongaanga kila kitu: Arsenal, Gor, nani ameomoka, nani amehama usiku na deni za watu. Kitu moja tu ndio hatukuwa tunagusa, vile msee anaskia huko ndani.

2023 wera iliisha. Nikajiambia ntapata ingine kabla mwezi ikatike. Mwezi ikakatika, ya pili pia. Rent ikalala miezi tatu. Ganji nilikuwa nimekopa kwa simu ikaanza kudaiwa, wakapigia hadi auntie yangu wa ocha. Nalala saa tano, saa nane macho iko wazi, mfereji wa ploti inadondoka, na kichwa inapiga hesabu ile ile haitoki. Asubuhi mbogi wakiniuliza "form?" nawaambia fiti, na sijadishi tangu jana.

Nilijaribu kuzima hiyo hesabu na keroro. Inakulalisha haraka, ukweli, halafu inakuamsha usiku wa manane moyo ikidunda. Muguka nayo inafukuza usingizi yote, na hesabu inaongezeka. Wasee wengi wa rika yangu wako hapo saa hii, na nawaambia kwa roho safi: hiyo si dawa, ni deni ingine.

Mwenye alinitoa ni mzee wa kushona viatu. Anakaanga mwisho wa benchi na sanduku yake. Siku moja nilikaa hapo bila kusema kitu, yeye anavuta uzi kwa soli ya kiatu ya shule. Hakunicheki usoni. Akauliza tu, "Kijana wangu, umekula?"

Nikasema zii. Akatuma mtoto wa kibanda alete chapo dondo. Nikala. Alafu maneno yakatoka yenyewe, rent, deni, auntie, usiku. Yeye anashona tu, saa zingine anasema "ehe." Nadhani benchi ilisaidia. Mkikaa bega kwa bega mkiangalia barabara, msee anaweza toa kitu hawezi toa akiangaliwa machoni.

Nilipomaliza akaniuliza, "Katika hizo zote, leo gani inakuuma zaidi?" Nikasema keateka, juu nilikuwa najua Jumamosi anaweka kufuli. Akaniambia, "Basi anza na hiyo. Mfuate kabla akufuate." Jioni hiyo nilienda kwa keateka, tukakubaliana soo tano kila wiki. Deni haikuisha. Lakini hiyo usiku nililala hadi saa kumi na moja.

Baadaye ndio nikakuja kujua kuna watu wamejenga hii kitu ikawa kazi kamili. Zimbabwe, daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alipoteza mgonjwa, manzi mdogo aliyejitoa uhai, na familia yake walikuwa wamekosa fare ya kumfikisha hosi. Daktari akaona hosi ndio inafaa ifuate watu. 2006 akaanza na mashosho 14 wa mtaa ya Mbare, huko Harare. Akawafunza, akawapea benchi nje ya kliniki. Shosho anakaa na wewe, unamwaga yote, mnachagua shida moja, mnaipangia hatua moja. Vile vile na mzee wa viatu! 2016 wakatoa matokeo ya utafiti ya watu 573: baada ya miezi sita, wale walipitia kwa benchi walikuwa na dalili kidogo kuliko wale walipewa huduma ya kawaida.

Huko Zimbabwe, kwa Kishona, hiyo hali ya hesabu kukataa kutoka kichwani wanaiita kufungisisa, kufikiria hadi ikazidi. Kwao kufunga ni kufikiria. Kwetu ni kufunga mlango. Ukiwa macho saa nane usiku unaelewa zote mbili mara moja.

Wanasemanga wasee wa ghetto ni wagumu, tumezoea. Sikubaliani. Kuzoea ni kubeba peke yako hadi uanguke. Ugumu wa ukweli niliuona kwa huyo mzee, ana shida zake na bado ana nafasi ya kuuliza mwenzake kama amekula. Saa hii mi hufanya vitu ndogo tu. Roho ikipanda navuta pumzi, naitoa polepole kuliko vile niliivuta, mara kumi hivi, hadi mapigo ishuke. Simu naizima saa nne. Na nikiskia hesabu imeanza kujizungusha, natoka kejani naenda base kabla giza iingie.

Kuna shida zingine benchi haiwezi. Msee akianza kusema angetamani asiamke, au ameanza kugawa vitu zake, usimwachie hiyo usiku peke yake. Kaa na yeye, mpeleke hosi. Na usiogope karao. Zamani sheria ya Kenya, kifungu ya 226, ilikuwa inaweza kufunga mtu hadi miaka mbili juu ya kujaribu kujiua, na wengi walificha hadi wakaenda. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema hicho kifungu inakiuka katiba. Mtu kama huyo anahitaji matibabu, na hakuna aibu kuomba.

Leo jioni ukifika base, kuna msee amenyamaza wiki nzima. Unamjua. Kaa kando yake, muulize kama amedishi, na usihepe kabla ajibu.